Barua ya wazi kutoka kijiwe cha Mwanga: deni miezi 24, dhamana ya betri miezi 6

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya nishati, usafirishaji, biashara na viwango,
Mkoani Kigoma na taifani.

YAH: BETRI ZA BAJAJI ZA UMEME NA SISI TULIOKOPESHWA

Waheshimiwa,

Shikamooni, na poleni na majukumu.

Mimi ni dereva wa bajaji ya umeme hapa Kigoma Ujiji. Kijiwe changu kiko Mwanga. Kabla ya bajaji nilikuwa fundi wa sola. Nimefunga paneli na betri kwenye nyumba na zahanati za vijiji vya Uvinza na Buhigwe, enzi ambazo mji huu uliwashwa na majenereta ya dizeli na huko vijijini hakukuwa na cha kuwasha. Nalitaja hilo mapema kwa sababu nimeshaambiwa mara mbili kwamba tatizo langu ni kutojua kutumia betri.

Nimeandika barua tatu. Ya kwanza niliwapelekea walionikopesha. Ya pili niliipeleka kwenye ofisi moja ya umma hapa mkoani, na ya tatu hukohuko, baada ya kuambiwa ya pili haionekani. Nakala ninazo, zimegongwa mihuri ya kupokelewa. Majibu yote yamekuwa ya mdomo, tena mlangoni: "Linashughulikiwa, we nenda." Ni mwezi wa saba sasa nasubiri. Ndiyo maana naandika hadharani, na kama kuna mahali nitavuka mstari, nawaomba radhi kabla.

Naanza na lililotokea.

Bajaji niliichukua kwa mkataba: shilingi 12,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, miezi 24. Kipeperushi kilisema betri ya lithiamu, kilomita 100 kwa chaji moja. Mwezi wa kwanza nilipata kilomita 84. Sikulalamika, huku kwetu ni vilima, na anayeandika vipeperushi hajawahi kupanda barabara ya Lumumba kutoka stesheni hadi Mwanga akiwa na abiria watatu na gunia la dagaa. Kila mita 100 unazopanda kwenda juu na uzito wa kilo 700 zinakula kama robo ya uniti (uniti ni kilowati-saa moja), na hakuna betri inayosamehewa hilo. Ila naandika daftari, tabia niliyotoka nayo kwenye sola. Mwezi wa nane, kilomita 61. Mwezi wa kumi na nne, 43.

Kilomita 43, Waheshimiwa, ni safari chache za Ujiji, moja ya Mwandiga, kisha saa saba mchana unatafuta pa kuchaji wakati wenzako wa petroli wanagombania abiria. Jioni unarudi barabarani saa kumi na moja, siku imeshakatika. Na ile 12,000 haijui kama ulilala kwenye chaji.

Hapo ndipo maneno ya kijiweni yanapoanzia. Wazee wa petroli wanasema: tuliwaambia, umeme ni wa kuchajia simu, betri haziwezi kumfaa mtu wa kawaida. Nawaheshimu lakini siwaungi mkono, na ningependa nanyi msiwaunge mkono, kwa sababu hoja hiyo ndiyo itakayotumika kulizika lalamiko langu.

Teknolojia imeshafanya kazi yake. Betri ya lithiamu iliingia sokoni mwaka 1991, ikiuzwa na Sony kwa ajili ya vifaa vidogo vya mkononi. Miaka michache baadaye, katika maabara ya John Goodenough huko Texas, ikapatikana aina inayotumia chuma na fosfeti, isiyohitaji nikeli wala kobalti, isiyowaka moto kirahisi. Mwaka 2019 Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi ya betri za lithiamu. Mwaka 2010 betri za magari zilikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa kila uniti moja ya uwezo wa kubeba umeme. Mwaka 2024 wastani wa dunia ulishuka hadi dola 115. Nirudishe hesabu hiyo kijiweni: betri kama yangu, iliyoandikwa volti 51.2 na ampea-saa 100, ni uniti 5.12. Kwa wastani huo ni kama dola 590, tuseme milioni moja na nusu ya shilingi. Ongeza meli, kodi, lori hadi huku mwisho wa reli, na faida ya muuzaji, kwani naye ana watoto. Mimi nimeambiwa nilete milioni 3.4.

Betri ya ile aina ya chuma na fosfeti ikitengenezwa vizuri huchajiwa mara 2,000 na zaidi kabla haijapungua hadi asilimia 80 ya uwezo wake. Ukichaji mara moja kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ni zaidi ya miaka sita. Mimi nimechaji kama mara 450. Nilipoipima kwa kipimo changu cha kazi za sola, zilitoka uniti 2.7.

Kwa hiyo anayeniuliza kama betri inaweza kumfaa kila mtu, namjibu kwamba betri nzuri inaweza. Ninachotaka kujua ni hasara ya betri mbaya anaibeba nani. Kwa sasa naibeba mimi, peke yangu, na mkataba umeandikwa hivyo.

Yafuatayo ndiyo malalamiko yangu.

1. Dhamana inakufa kabla ya deni. Mkataba unaipa mota na fremu mwaka mmoja wa dhamana. Betri inapewa miezi sita. Deni ni miezi 24. Maana yake kwa miezi 18 nalipia kitu ambacho aliyeniuzia hana imani nacho. Angekuwa nayo, angeiandikia. Katika bajaji ya petroli injini ikichoka unabadilisha pistoni na ringi pale gereji, unarudi barabarani wiki hiyohiyo. Katika ya umeme, betri ndiyo karibu chombo chote. Ikifa, uliyobaki nayo ni kibanda chenye matairi matatu. Na chaji ya kwanza iliyoisha mapema hadi nikashtuka ilikuja mwezi wa saba. Sisemi walipanga. Nasema miezi sita ni hesabu nzuri sana kwa muuzaji.

2. Hatujui tunachouziwa. Kibandiko cha betri yangu kinasema "lithiamu". Lithiamu gani? Zipo za nikeli, zipo za chuma na fosfeti. Umri wao ni tofauti, na hatari zao za moto ni tofauti. Seli zimetengenezwa mwaka gani? Kimya. Fundi wao aliifungua mbele yangu. Ndani kuna seli 16 zilizofungwa kwa mfululizo, na seli moja ikilegea, zile 15 nzima zinasimama kuisubiri, kwa sababu bodi ya kulinda seli hukata umeme mara ile dhaifu inapofika chini. Hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni kwamba msimbo wa kila seli ulikuwa umekwanguliwa. Sijasema ni seli zilizotolewa kwenye gari bovu zikavalishwa ganda jipya. Nauliza tu seli mpya ikwanguliwe kwa nini.

Wenzangu wanne pale kijiweni wana hali mbaya zaidi. Wao waliuziwa betri za risasi na asidi, tunazoziita betri za maji, tano za volti 12 zimepangwa chini ya kiti. Hizo zikiwa na uniti sita zina uzito wa kilo 150 au zaidi, yaani kila safari wanabeba abiria wawili wasiolipa nauli. Ukizimaliza chaji kila siku zinavumilia mara 300 hadi 500, basi. Mmoja wao zilimfia mwezi wa tisa. Yeye alidhani ana lithiamu, na kusema kweli mimi sijaona sheria ya kibandiko iliyomlazimisha mtu amwambie vinginevyo.

3. Mita. Hapa nawaomba mnivumilie, maana ndipo panapoumiza wengi na pasipozungumzwa.

Mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na makato. Ni mpango mzuri, umesaidia wanyonge. Ukivuka unahamishiwa kundi la kawaida, shilingi 292. Bajaji yangu ilipokuwa nzima ilikula kama uniti tano kwa siku. Mara siku 26 ni uniti 130. Kwa hiyo siku mtu anapoleta bajaji ya umeme nyumbani, taa ya mama yake, redio na pasi navyo vinapanda bei karibu mara tatu.

Na huyo ni mwenye mita yake. Wengi wetu tumepanga. Tuko wapangaji wanne kwenye mita moja ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, tunachangishana. Wiki ya kwanza nilipochomeka bajaji, jirani yangu, mama mtu mzima ninayemheshimu kama mzazi, aligonga mlango saa tano usiku na stakabadhi ya tokeni mkononi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, huu umeme tunakula wote?" Tangu siku hiyo nachaji kwenye banda la fundi wa kuchomelea, namlipa 4,000 kwa chaji. Umeme wenyewe, hata kwa bei ya kawaida pamoja na makato, haufiki 2,000.

Pamoja na hayo yote bado umeme unashinda. Bajaji ya petroli inakunywa kama lita nne kwa siku, na lita huku inazunguka shilingi elfu tatu, mwezi mwingine zaidi, kwa sababu mafuta hadi yafike Kigoma yamelipiwa nauli ndefu. Ni 12,000 dhidi ya 4,000 yangu ya banda la kuchomelea. Hata tukinyonywa, tunabakiwa na nafuu. Kisha betri inakufa, na nafuu yote ya mwaka inakwenda kuinunua upya.

4. Kufungiwa kwa mbali. Ukichelewa kulipa, betri inazimwa kwa mtandao. Nimekubali, nimesaini. Ila mwezi wa tano ilizimwa nikiwa nimelipa, mtandao wao ukiwa ndio wenye tatizo, nikiwa katikati ya mlima kutoka Kibirizi na madumu sita ya mawese nyuma. Chombo kilianza kurudi kinyumenyume. Breki ilishika, Mungu mkubwa. Hakuna mkopeshaji anayepaswa kuwa na uwezo wa kuzima chombo kilicho kwenye mwendo.

5. Betri zilizokufa. Za risasi zinanunuliwa na watu wa vyuma chakavu, asidi inamwagwa mtaroni, na mitaro ya mji huu inaelekea Ziwa Tanganyika, ambako tunachota maji na kuvua mgebuka. Za lithiamu hakuna hata wa kuzinunua. Mbili ziko chini ya mwembe kwa fundi, watoto wanazikalia.

Waheshimiwa, najua mtakayoniambia, kwa kuwa mengine nimeshaambiwa.

Mtasema mkataba nilisaini kwa hiari yangu. Ni kweli. Una kurasa kumi na moja za Kiingereza na niliusaini nikiwa nimesimama, foleni nyuma yangu. Hata hivyo mizani ya sokoni inakaguliwa, na pampu ya mafuta inakaguliwa, ingawa mnunuzi naye anakuja kwa hiari yake. Kibandiko kinachosema uniti 5.12 ni mizani kama mizani nyingine. Kwa nini hiki hakina mkaguzi?

Mtasema teknolojia bado changa, tuvute subira, betri bora zinakuja. Kila mwaka tunasikia za sodiamu, tunasikia zisizo na kimiminika ndani. Zije, tutazipokea. Lakini betri nzuri ya leo inatosha kabisa bajaji inayozunguka kilomita 80 kwa siku ndani ya mji. Wavuvi wetu wa Kibirizi hawakusubiri taa ya karne ijayo. Waliacha karabai, wakachukua taa za betri, na mwanzoni tuliwacheka. Leo karabai ukitaka kuiona uulizie.

Mtasema umeme hautoshi. Bajaji 500 zikichajiwa pamoja, kila moja ikivuta kilowati moja, ni nusu megawati. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, na mradi wa Malagarasi hapa kwetu umepangiwa 49.5. Tukichaji usiku wa manane, watu wamelala, nani atatuona?

Na mtasema vyombo vyenyewe ni vichache, Kigoma siyo Dar. Hilo nalikubali nusu. Sidai umeme kwa kila kitu. Lori la mahindi la Kasulu, basi la Kibondo, Hiace ya Manyovu, hivyo bado ni vya dizeli, na anayewaahidi vinginevyo kesho asubuhi anauza kitu. Kilo moja ya petroli ina nishati mara nyingi kuliko kilo moja ya betri, na kwa safari ndefu yenye mzigo tofauti hiyo inaonekana. Lakini bajaji na bodaboda ndiyo magari ya watu wengi hapa. Hizi zikifaa, "kila mtu" kwa tafsiri ya Kigoma ameshafikiwa.

Majirani wameshaanza. Kigali, ambayo kutoka hapa ni karibu kuliko Dar es Salaam, pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa tangu Januari 2025 ni za umeme, na madereva wengi hawamiliki betri kabisa: unafika kituoni, unaacha iliyoisha, unachukua iliyojaa, unaondoka. Betri ikizeeka ni mzigo wa kampuni. Kenya tangu 2023 wana bei yao maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri. Sisi tumekaa katikati ya mali yenyewe. Nikeli iko Kabanga, Ngara, ukivuka Kakonko tu. Madini ya kinywe yako Mahenge na Lindi, na kila betri ya lithiamu ninayoijua ya bajaji ina kinywe ndani yake. Ng'ambo ya ziwa, huko Kongo, mkoa uleule wenye bandari ya Kalemie, ndiko iliko Manono na lithiamu yake. Halafu betri inatoka China na msimbo umekwanguliwa.

Ninachoomba ni hiki, na nimejitahidi kiwe kitu kinachowezekana bila kusubiri bajeti ijayo:

(a) Betri yoyote ya chombo cha abiria iandikwe kwa Kiswahili aina yake, mwaka wa seli, na uniti zake zilizopimwa. TBS, shirika la viwango, ipime chache kati ya zinazoingia na kutangaza matokeo.

(b) Anayekopesha chombo cha umeme atoe dhamana ya betri isiyopungua muda wa deni. Ikishuka chini ya asilimia 70 kabla deni halijaisha, aibadilishe, au malipo ya kila siku yasimame. Akiona ni mzigo, abaki na betri yake atukodishe chaji, kama wanavyofanya Kigali.

(c) EWURA wanaodhibiti bei za nishati, na TANESCO wanaotuuzia umeme, watuwekee mita ya pamoja ya kuchajia kwenye vijiwe, tuanze na Mwanga, Ujiji na Kibirizi, kwa bei ya usiku. Mita tutailipia wenyewe kwa kuchangishana. Tunachoomba ni bei na kibali.

(d) Kuzima chombo kwa mbali kuruhusiwe kikiwa kimesimama tu, na baada ya taarifa ya saa 24.

(e) Pawe na mahali pamoja hapa mkoani pa kurudishia betri zilizokufa. Hata kontena moja lenye kufuli.

(f) Mniite. Mimi na wale wanne, pamoja na aliyetukopesha, meza moja, na kipimo changu nitakileta. Tuipime betri yangu mbele yenu. Ikitoa zaidi ya uniti nne nitaomba radhi hadharani, kwa maandishi, kama nilivyolalamika.

Nimebakiza miezi tisa ya deni. Nalipa kila siku, na stakabadhi zote ninazo, ili asije mtu akasema naandika kwa sababu nimeshindwa kulipa.

Namba yangu ya simu ipo kwenye zile barua tatu, zikionekana. Mkiona ni rahisi zaidi mje wenyewe. Kuanzia saa saba hadi saa kumi na moja jioni sina pa kwenda; mtanikuta kwenye banda la kuchomelea, nachaji.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Dereva wa bajaji ya umeme,
Kijiwe cha Mwanga, Kigoma.